Riwaya Iliyofungia Karanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jaliah alikunja karatasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu akiwa na miaka saba, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Mama yake, Hadijah, alichuchumaa kando ya jiko akizigeuza karanga ndani ya mchanga wa moto, na Jaliah alikaa mkekani mbele ya rundo la karatasi kuukuu. Alichukua moja, akaizungusha iwe kama faneli, akaubana mkia wake, akaiweka pembeni. Kikaratasi kimoja kilitosha karanga za kutafuna kutoka kwao Namatala mpaka mjini Mbale.

Tatizo ni kwamba Jaliah hakuweza kukunja karatasi bila kuisoma. Gazeti la mwaka juzi, barua ya mtu aliyekuwa akitafuta kazi, mtihani wa mtoto asiyemjua, vyote vilipita machoni pake kwanza.

"Jaliah, karatasi ni ya karanga, si ya macho," mama yake alimwambia.

"Mama, huyu mtoto amepata alama tisa kati ya mia moja."

"Maskini. Mfungie karanga, apumzike."

Hadijah aliisoma Kurani bila kukwama, lakini Kiingereza hakukisoma. Shule aliiacha mapema. Kwake karatasi zote za Kizungu zilifanana. Ndiyo maana nyumba yao ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kilichoko mkekani ni cha kufungia, cha kutunza kinakaa juu ya kabati. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe siku ile aliponusurika kumuuzia mtu karanga ndani ya kadi ya chanjo ya Jaliah.

Shuleni, darasa la sita lilikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Isiko, mtu wa Budondo, kule Jinja. Mwanzoni mwa muhula alikuja na sanduku la mbao, akaliweka juu ya meza kwa uangalifu kama anayeshusha mayai. Ndani mlikuwa na riwaya arobaini, nyingine bila jalada. Zilikuwa mali ya Mama Naigaga, mwalimu mstaafu aliyefungua nyumba ya kusomea mjini Jinja na kuziazima riwaya zake kwa shule za mbali.

"Hizi si za kuangalia picha," alisema Mwalimu Isiko. "Picha hazimo. Mwisho wa muhula, wanafunzi wawili kutoka hapa watakwenda Jinja kukutana na wenzao. Kila mmoja atasimama asimulie riwaya moja kwa Kiingereza, akitumia maneno aliyoyapata humo. Atakayefanya vizuri na kurudisha kitabu chake kikiwa salama, Mama Naigaga atampa kadi. Kwa kadi hiyo ataazima riwaya yoyote, mwaka mzima."

Riwaya yoyote, mwaka mzima! Jaliah, ambaye maktaba yake ilikuwa rundo la mkekani, alihisi mate yakimjaa mdomoni. Aliitaka kadi ile kuliko nguo ya sikukuu.

Alianza kwa pupa. Kwa siku mbili alipekua riwaya ya kwanza akivua maneno marefu tu, akayatafuta katika kamusi na kuyapanga kwenye daftari. Siku ya tatu alimpelekea mwalimu maneno sabini, kichwa juu. Mwalimu aliweka kidole kwenye neno la kumi.

"Hili alilisema nani?"

Jaliah hakujua.

"Alikuwa wapi? Alikuwa na njaa au ameshiba? Amekasirika au anatania?"

Darasa lilicheka. Jaliah alitazama viatu vyake.

"Umeniletea mifupa sabini, binti. Nyama umeiacha kitabuni," alisema Mwalimu Isiko, bila ukali. "Rudi. Soma kama unayesikiliza habari za jirani. Ukikutana na neno gumu, usikimbilie kamusi. Endelea na safari. Litarudi tu, na likirudi utaanza kulifahamu."

Akampa riwaya nyingine, nene, ambayo gundi ya mgongo wake ilikuwa imechoka. Ilimhusu mzee mmoja, bwana posta wa mji mdogo wa reli, aliyeficha barua moja katika mtoto wa meza na kukataa kuifikisha. Barua ilikuwa ya mjane aliyeishi ng'ambo ya barabara. Kila siku mjane aliuliza kama ana barua, na kila siku mzee alijibu hakuna. Miaka ishirini!

Jaliah alinaswa. Alisoma akichota maji, akasoma akikoroga uji, akasoma akikunja vikaratasi. Na maneno yakaanza kumjia yenyewe. Katika sura ya kwanza alikutana na mbuzi aliyevutwa kwa kamba huku amekaza miguu, na mwandishi akamwita "reluctant". Hakulielewa, akapita. Katika sura ya tano mtoto aliyeitwa kuoga alikwenda hivyohivyo, akiburuta ndala. Sura ya tisa, mzee wa posta alidaiwa ufunguo wa ile meza, akautoa polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Jaliah aliruka juu ya mkeka. Neno alikuwa amelishika! Lilikuwa la mtu anayefanya jambo huku moyo wake umebaki nyuma. Tangu siku hiyo, kila mama alipomtuma dukani mchezo wa kamba ukiwa umenoga, alijiona yule mbuzi.

Lilikuwepo pia neno "remorse". Lilimfuata mzee wa posta kila alipoipita nyumba ya mjane. Jaliah aliandika daftarini: majuto. Aliona hilo ni jepesi, halina mengi.

Ijumaa moja alasiri zilibaki karatasi kumi tu kitabu kiishe. Jaliah alikuwa mkekani, riwaya magotini, akikunja kimoja na kusoma ukurasa mmoja. Mara watoto wa jirani wakapiga kelele kwamba maji yametoka bombani. Namatala, maji yakitoka hayamsubiri mtu. Jaliah aliitupa riwaya pale alipokuwa, akanyakua majerikani mawili, akakimbia.

Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, mama hakuwepo. Jirani alisema malori manne yameingia upande wa viwandani, na Hadijah amebeba beseni lake mbiombio. Riwaya ilikuwa imelala mkekani. Jaliah aliifungua aendelee. Iliishia katikati ya sentensi. Mzee wa posta alikuwa amesimama mlangoni kwa mjane, mkono juu tayari kubisha, na baada ya hapo lilibaki jalada tupu. Zile karatasi kumi, zilizokuwa zinachezacheza kama meno ya mzee, zilikuwa zimeteleza zikalala juu ya rundo. Na kilichoko mkekani ni cha kufungia.

Mama alirudi jioni na beseni tupu, mwenye furaha. "Leo wamenimaliza! Hata karatasi hazikubaki."

Jaliah alikificha kitabu chini ya mkeka. Alijiambia kwamba hataki kumwumiza mama, aliyefuata sheria ya nyumba barabara. Ilikuwa sababu nzuri, lakini haikuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba alikuwa anailinda safari yake ya Jinja.

Jumatatu alikipaka kitabu gundi mgongoni, akakibandika karatasi ya kaki nyuma, kikaonekana kizima. Mwalimu Isiko alikipokea.

"Hiki mimi mwenyewe sijapata kukisoma," alisema. "Hebu niambie, yule mzee aliifikisha barua?"

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Jaliah, na uongo ukatoka laini kuliko alivyotarajia. "Alibisha hodi, akampa. Mjane akalia kwa furaha, wakasameheana, wakanywa chai."

"Na chai juu! Vizuri sana." Mwalimu aligeukia darasa. "Jinja watakwenda Jaliah na Bushira."

Bushira alikuwa rafiki yake wa kukaa naye dawati moja. Walikumbatiana. Kisha Bushira akanyoosha mkono kwa mwalimu. "Mwalimu, naomba hiyo ya bwana posta niisome kabla ya safari." Akamwonya Jaliah kwa kidole. "Usiniambie mwisho! Ukiniambia, urafiki umekwisha."

Maskini Jaliah, mwisho wenyewe hakuwa nao. Tangu hapo alikuwa akichungulia alama ya Bushira kitabuni. Jumatatu ilikuwa sura ya tatu. Jumanne ilikuwa ya nane. Mtoto huyu alisoma kama anayefukuzwa. Kila alama iliposogea, Jaliah alihesabu sura zilizobaki. Karanga zilimshinda, usomaji ulimshinda, na alipomwona Mwalimu Isiko uwanjani alishika njia ndefu ya nyuma ya jiko la shule. Hapo ndipo alipomkumbuka mzee wa posta, aliyevuka barabara ili asipite mbele ya dirisha la mjane. Kumbe "remorse" haikuwa nyepesi. Ilikuwa na miguu, ilikufuata hata chooni.

Jumatano baada ya shule alimsindikiza mama kwenye maegesho ya malori, upande wa viwandani. Madereva walikuwa wamekaa kivulini mwa matela. Mmoja wao, Wasike, Mkenya wa Bungoma aliyeleta chumvi Mbale kila wiki, alisimama alipowaona.

"Mama Jaliah! Wewe nina kesi na wewe," alisema. "Hizo karanga zako za Ijumaa zimenitesa."

Hadijah alishtuka. "Zilikuwa na mchanga?"

"Mchanga wapi! Zilikuwa na stori. Nimekula, nimefungua karatasi niitupe, naona kuna mzee amesimama kwa mlango wa mama fulani. Nikasema, huyu anataka nini? Nikanyang'anya mwenzangu Wabwire karatasi yake, nikaenda kwa wale wengine wa malori. Nimepata saba. Nimezipanga kwa dashibodi mpaka Malaba nikizifikiria." Alipanda kwenye lori, akashuka na karatasi saba zenye madoa ya mafuta. "Sasa iko mahali mama amemfungulia, mzee ameanza kusema, halafu basi, imekatika. Nisaidie. Huyo mzee alitoa barua ama alikunja mkia?"

"Mimi nitajua wapi, bwana Wasike?" Hadijah alicheka. Kisha akaziangalia zile karatasi, akamwangalia bintiye, na kicheko kikakatika. Jaliah alikuwa akilia.

Akasema yote hapohapo: maji, mkeka, gundi, karatasi ya kaki, chai ya uongo. Wasike aligeuka akajifanya anakagua tairi.

Hadijah alikaa chini kando ya beseni. Alizipanga zile karatasi saba juu ya goti, moja baada ya nyingine, na Jaliah angeona afadhali apigwe.

"Kumbe siku zote hizo hata kula ulikuwa huli sababu ya hii," alisema mwishoni. "Kwa nini hukuniambia Ijumaa? Ijumaa hawa watu wote walikuwa bado hapa. Ningewazungukia mmoja mmoja, na karatasi zote kumi zingerudi."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa mimi? Ama uliona mama hajui Kizungu, ataelewa nini mambo ya kitabu?"

Swali hilo lilimchoma Jaliah, kwa sababu alijua kuna chembe ya ukweli ndani yake. Alimshika mama yake mkono. "Nisamehe, Mama. Niliogopa kuikosa Jinja."

"Nimekusamehe. Lakini kesho asubuhi unamwambia mwalimu. Si mimi, ni wewe."

Usiniulize Jaliah alikwendaje kwa mwalimu kesho yake. Yule mbuzi wa sura ya kwanza angemwonea huruma. Lakini alikwenda, akasema, na hakupunguza hata chai.

Mwalimu Isiko alivua miwani, akaifuta. "Nilikuamini," alisema, na neno hilo lilikuwa zito kuliko fimbo. "Sitakutoa kwenye safari. Ila kitabu si changu. Utakwenda Jinja na utamwambia mwenyewe Mama Naigaga, mbele ya watu, kwa Kiingereza kilekile ulichokipata humo. Akikataa kukusikiliza, utarudi nyumbani."

Jioni ile Jaliah alirudi na kitabu alichokichukua kwa Bushira, na Hadijah alitia uzi kwenye sindano kubwa, akazishona karatasi saba mahali pake, mshono mmoja baada ya mwingine, huku Jaliah akimsomea kila ukurasa na kumweleza kwa Kiswahili. Walipofika pale hadithi ilipokatika, Hadijah aliuma uzi.

"Huyu mzee naye," alisema, "amekaa na barua ya mtu mpaka imezeeka. Angeipeleka siku ya kwanza, si angekuwa anakula vizuri?"

Jumamosi Jaliah na Bushira walifika Jinja na mwalimu wao saa nne. Nyumba ya kusomea ilikuwa jengo la zamani lenye baraza pana, hatua chache kutoka sokoni, na wanafunzi walikuwa wamejaa mpaka ngazini. Mama Naigaga alikaa mbele, mama mfupi mwenye gauni la gomesi la kijani na sauti iliyonyamazisha chumba. Bushira alisimama kwanza, akasimulia riwaya yake ya mwanzo vizuri sana, akapigiwa makofi. Kisha Jaliah akaitwa.

Alikishika kitabu kifuani, akaanza kwa sauti ndogo. Alisimulia habari za bwana posta, na alipolitaja lile neno la kwanza alikaza miguu kama mbuzi, watu wakacheka, nguvu zikamrudia. Lakini alipofika pale mzee anapoanza kusema mlangoni kwa mjane, alikiinua kitabu kilichoshonwa.

"Mwisho siujui," alisema kwa Kiingereza. "Haumo kitabuni, na kosa ni langu." Akaeleza jinsi karatasi zilivyokwenda na karanga, na jinsi alivyobuni mwisho wake mwenyewe akamdanganya mwalimu aliyemwamini. "Neno 'remorse' nililiandika daftarini nikadhani ninalijua. Nililijua kweli wiki hii. Ni pale unapomkwepa mtu anayekupenda."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Naigaga alinyoosha mkono, akapewa kitabu. Alipitisha kidole juu ya mishono ya Hadijah.

"Nani kashona?"

"Mama yangu."

"Mkono mzuri." Alikifunga. "Binti, nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimesikia watoto wengi wakitoa maneno makubwa kinywani kama wanavyotema mbegu za papai. Wewe leo umeyatumia kusema kweli yenye kuuma, na hiyo ndiyo kazi yake. Tunasoma riwaya ndefu ili siku tukiwa na jambo gumu la kusema, tuwe na maneno ya kulisemea."

Jaliah alianza kutabasamu.

"Subiri," alisema Mama Naigaga. "Nilisema kadi ni ya aliyerudisha kitabu salama. Hiki hakiko salama. Kadi ya leo ni ya Bushira."

Bushira alimtazama rafiki yake, akasita kusimama, mpaka Jaliah akamsukuma begani. Alifurahi kwa ajili yake, na pia iliuma. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Na wewe," Mama Naigaga aliendelea, "ninayo nakala nyingine ya riwaya hii, haitoki nje ya nyumba hii. Kaa pale dirishani. Zile karatasi tatu zilizopotea, zinakili kwa mkono wako, mwandiko safi, neno kwa neno. Mama yako atazishona. Siku nitakapokipokea kitabu kamili, nitakuandikia kadi yako."

Adhabu gani hiyo! Jaliah alikaa dirishani wenzake wakila chapati barazani, akaandika. Ukinakili huwezi kuruka. Kila neno gumu lilipita kwenye vidole vyake, na mengine alikuwa ameshakutana nayo nyuma, yakawa kama wenyeji wanaomsalimia. Hivyo ndivyo alivyoufikia mwisho, polepole. Hakukuwa na chai. Mzee aliitoa barua, mjane akaisoma, akaikunja. Ilikuwa na habari ambazo zingemfaa miaka ishirini nyuma. Hakumpigia kelele. Alimuuliza jambo moja tu: kwa nini hukuniambia siku ileile?

Jaliah aliweka kalamu chini. Swali hilo alikuwa ameshaulizwa, kwenye maegesho ya malori, na mama asiyesoma Kizungu. Kisha akaomba karatasi nyingine tatu, akanakili mara ya pili.

Jumatano, kitabu kikiwa kimeshashonwa kamili, Wasike aliegesha lori lake, akaita karanga. Hadijah alimpa kikaratasi kinene kuliko vingine. Wasike alikipima mkononi, akaona mwandiko wa kalamu, akamimina karanga zote mfukoni na kukikunjua palepale. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikimchezacheza.

"Ai, huyu mama ameuliza swali ngumu," alisema alipomaliza.

"Hata mimi nilimuuliza wangu hilohilo," alisema Hadijah. Alimvuta Jaliah karibu naye. "Kitabu kinaweza kupoteza karatasi, mwanangu. Nguo inachanika, sufuria inatoboka, tunashona, tunaziba. Mimi ninachotaka ni kimoja. Likiharibika jambo, uniambie siku hiyohiyo, bado tuna nafasi ya kulitengeneza."

"Nitakuambia, Mama."

"Haya. Na leo jioni unianzishie hadithi nyingine. Ila kitabu kikae juu ya kabati."